Chujio la Mchanga Kule Mabwawani

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe. Mkuu wa Maabara, mama wa Kinyamwezi mwenye mwendo wa taratibu, aliviangalia akacheka. "Mwanangu, haya ni mabwawa ya majitaka. Karibu, lakini vua hivyo."

Nilikuwa nimetoka Puge, nimemaliza chuo. Kazi yangu ilikuwa kupima bakteria: nachota maji, naweka tone kwenye visahani vyenye chakula chao, navihifadhi kwenye joto kama la mwili. Kesho yake huonekana kama vidoa. Vilijaa tele, na chini ya mabwawa akina mama walimwagilia mchicha maji hayohayo.

Mhandisi wa mabwawa alitaka kuwaondoa akina mama hao. Mkuu akamwomba, "Nipe kiangazi hiki tu. Tujenge chujio."

Tulijenga na Ramadhani, fundi wa pale mjini. Chini kokoto, katikati zeolaiti, madini yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, juu mchanga wa mtoni uliooshwa vizuri. Tukapitisha maji. Visahani vikajaa vidoa vilevile.

Mama Zuhura, mmoja wa wakulima, alikuja kila asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vipi, tunahama?"

"Bado, mama." Nilishindwa kumtazama usoni.

Ramadhani alinituliza. "Mchanga mpya huo. Subiri uote utando juu. Ule ute ndio unaonasa vijidudu na kuvila. Usiuguse."

Tukasubiri. Kiangazi kikielekea ukingoni, nilifunua visahani nikakuta vidoa vichache, huku kimoja, kule viwili. Nikamwita Mkuu, naye akamwita Mhandisi. Mhandisi akavikagua kimoja kimoja, kisha akasema, "Wabaki. Ila maji mpime kila wiki."

Nilikimbia bustanini. Mama Zuhura alipoambiwa alikaa chini, palepale kwenye tuta lenye matope, akalia.

Baadaye nilihamishiwa Nzega, kisha Kigoma, nikastaafu nikarudi kuishi Ipuli, jirani na mabwawa yale. Mabwawani kuna mtambo mpya. Chujio letu limefukiwa. Mkuu alitangulia mbele ya haki, Ramadhani akafuata.

Wanangu huuliza, mtu anakumbuka nini kwenye majitaka? Namkumbuka Mkuu akiimba tenzi za kanisani huku akiosha chupa, na Ramadhani, Mwislamu wa watu, akimwitikia kutoka nje bila kujua maneno. Asubuhi nyingine, kabla usingizi haujaniisha, mkono wangu hupapasa kando ya kitanda ukitafuta funguo za maabara.