Mtihani wa Sheng Kule Kongo

Nilipomaliza shule ya jioni nilijiona profesa. Kiswahili changu kilinyooka hadi mbuzi wa Laini Saba, mtaani kwetu Kibera, wakawa wananipisha njia. Basi siku niliyokwenda Kongo, kule Kawangware, kuwaomba wazazi wa mchumba wangu wanikubali, Sheng niliiacha Kibera pamoja na viatu vya matope.

Kosa kubwa.

"Ninayo heshima isiyo kifani kuwa mbele yenu, wazazi wangu watukufu," nikaanza.

Chai ikaganda vikombeni. Mama mtu akavuta mkoba wake, akaukumbatia. Nairobi hii, kijana anayeongea hivyo ama anauza ploti hewa, ama anauza dawa ya kutibu kila kitu. Mchumba wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, nikadhani ni mapenzi.

Babake, fundi wa masanduku ya bati aliyetoka Machakos akiwa kijana, akakunja uso. "Umesema umezaliwa Kibera?"

"Naam, mzee."

"Haya. Sheng ni nini?"

Nikafurahi. Hilo tulifundishwa! "Ni jina lililoundwa kwa maneno mawili, mzee: Swahili na English. Hata hivyo, wapo wanaoshikilia kwamba..."

"Hiyo ni ya kitabu. Mtoto wa Kibera angeniambia ilitoka wapi kwao."

Mchumba wangu akaanza kuangalia sakafu, na hapo nikaona harusi ikitoka mlangoni. Mdomo ukarudi mtaani wenyewe.

"Buda, ai, pole, mzee. Kwetu tulikuwa keja moja, chumba kimoja tu, watoto sita na wazazi, pazia katikati. Ukitaka kumwambia brathe umevunja dirisha la mama mwenye nyumba na mpira, utasema aje na mathee ako hapo anapika? Tulichukua neno kwa jirani Mjaluo, lingine kwa Mkikuyu wa kiosk, tukageuza kidogo. Mathee akishika maana, tunabadilisha..."

"Mathee hushika zote," mama mtu akasema, akaachilia mkoba.

Mzee akacheka mpaka mabati ya Kawangware nzima yakatetemeka. "Sisi karakana tuliongea hivyo ndio mdosi aliyetuajiri asijue tunamsema!" Akamgeukia binti yake. "Huyu si mkora. Mletee chapo."

Mipango ya harusi tuliianza nikiwa na chapati ya tatu mdomoni, kwa hivyo nilikubali kila kitu kwa kichwa.