Mshona Vitabu na Nusu ya Sahani

Saa mbili na robo asubuhi. Katika chumba cha chini cha maktaba ya chuo, mwanamke wa miaka hamsini na minne amekiinamia kitabu kinene kilichobanduka mgongo. Anakwangua gundi kavu kwa kisu butu, anapuliza vumbi, kisha anapitisha uzi kwenye tundu la sindano bila hata kulitazama.

"Kitabu hakitaki pupa," anasema. "Ukikivuta kwa hasira, kinakuachia kurasa mkononi."

Wenzake wanamwita Mama Uzi. Ameshona na kujalidi vitabu kwa miaka ishirini na sita, na kila wiki hupitisha mikononi mwake vitabu kama arobaini. Shule aliishia darasa la saba, lakini kusoma hakuacha.

"Gundi inataka nusu saa ikauke. Sasa nikae nitazame ukuta? Nasoma kilichopo. Wenzangu wanasema hata maelezo ya dawa ya panya nayasoma mpaka mwisho," anasema, na kicheko chake kinajaza chumba.

Mwaka jana aliletewa vitabu vinne vilivyoandikwa na profesa mmoja wa ubongo, aliyefundisha chuoni hapo mpaka akastaafu. Vinaeleza ubongo unavyofanya kazi, kisha vinaingia kwenye maswali mazito: akili ni nini, na je, dunia tunayoiona ndiyo iliyopo? Zilikuwa nakala zake mwenyewe, na wanafunzi aliowaazima walikuwa wamezisoma mpaka zimechakaa.

Wakati huo nyumbani kwake hakukuwa shwari. Mama yake mzazi, mwenye miaka sabini na tisa, alikuwa ametoka hospitalini baada ya kupigwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ulilegea. Maneno yalikuwa yake yaleyale, na utani wake pia. Ila kuna mambo yaliyomshangaza kila mtu.

Akipewa chakula, alikula nusu ya sahani, akaisukuma. Kisha akalalamika: "Mnaniwekea chakula cha kuku? Sishibi!"

La kuumiza zaidi lilimkuta mdogo wake Mama Uzi, mwalimu wa shule ya msingi. Kila jioni alikaa kushoto kwa kitanda, kwa kuwa kiti kilikuwa upande huo. Akisema, "Shikamoo, mama," bibi huyo alimgeukia Mama Uzi, aliyesimama kulia, na kumjibu yeye: "Marahaba, mwanangu."

Siku ya kwanza walicheka. Siku ya tano mdogo mtu hakucheka tena. Miaka ya nyuma aliolewa na mwanamume ambaye mama yake hakumtaka, na ingawa yalishazungumzwa yakaisha, kidonda hicho hakikuwa kimepona vizuri.

"Dada, mama ananipa kisogo," alimwambia Mama Uzi mlangoni, machozi yakimlengalenga. "Alinisamehe mdomoni tu. Sasa ugonjwa umemtoa haya, ananionyesha ya moyoni."

Akaondoka. Zikapita siku kumi na tisa bila kukanyaga pale.

Siku ya ishirini, Mama Uzi alikuwa akishona kitabu cha pili kati ya vile vinne. Gundi ikikauka, akafungua popote. Ukurasa ulieleza habari za mzee mmoja aliyevaa kiatu cha kulia tu, akaapa kwamba amevaa vyote viwili. Macho yake yalikuwa mazima. Ubongo wake, baada ya kiharusi, ulikuwa umeacha kuujali upande wa kushoto, na mwenyewe hakujua kwamba kuna kitu kinakosekana.

"Nilisoma mara tatu," anakumbuka. "Nikasema, huyu ni mama!"

Jioni hiyo alimpelekea mama yake sahani, akasubiri. Nusu ikaliwa, nusu ikabaki. Mama Uzi akaizungusha sahani taratibu, kilichokuwa kushoto kikaja kulia.

"Ehe!" bibi akasema. "Kumbe kilikuwepo! Mlikificha wapi?"

Mama Uzi akatoka nje kumpigia simu mdogo wake. "Njoo sasa hivi. Na ukiingia, usikae kwenye kile kiti. Simama upande wangu."

Mwalimu alikuja kwa shingo upande. Akasimama kulia, akaamkia. Bibi akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Wewe mtoto, ulikuwa wapi siku zote hizi? Nimekuulizia mpaka nimechoka."

"Nilikuwepo, mama," akajibu, na hapo kilio kikamshinda.

Kwenye kliniki, mhudumu wa mazoezi ya viungo alithibitisha walichokigundua, akawafundisha kubandika utepe mwekundu ukingoni mwa meza, upande wa kushoto, ili bibi azoee kuutafuta kwa macho. Kuna siku anaupata, kuna siku unampotea. Mguu wa kushoto bado anaugonga mlangoni.

Profesa alipokuja kuvichukua vitabu vyake, Mama Uzi alimkalisha kwenye stuli akamtupia swali. "Ile nusu asiyoiona mama, haimsumbui wala haitafuti. Sasa mimi nitajuaje kwamba hakuna nusu nyingine ambayo na mimi siioni?"

Mzee huyo akavua miwani. "Mama Uzi," akasema, "hilo nimeliandikia vitabu vinne, na bado linanishinda."

"Basi andika cha tano," akamjibu. "Ila safari hii kiwe chepesi, mama zetu wakielewe."

Hakuwa anatania. Sasa wanakiandaa pamoja: profesa anahakiki, mwalimu anaandika kwa maneno ya kawaida, Mama Uzi anashona. Ni kijitabu cha kurasa kumi na sita kwa ajili ya familia za wagonjwa wa kiharusi. Anataka wodi ile aliyolazwa mama yake, yenye vitanda thelathini na viwili, kila kitanda kipate nakala yake kabla mwaka haujaisha.

Nakala ya kwanza iko tayari mezani. Sentensi ya kufungulia waliibishania wiki nzima, mpaka mwalimu akaiandika mwenyewe kwa mkono wake:

"Mgonjwa wako asipokuitikia, usiondoke, zunguka kitanda kwanza."