Unga Mweupe Chini ya Chupa

Kituo kizima cha kusafisha maji walimwita Mama Chupa, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kukinga maji kwenye chupa na kuyapeleka maabara. Mkuu wa kituo walimwita Suti. Suti hakujua hata valvu ya tangi inafungwa kwa upande gani, lakini viatu vyake viling'aa, na kwa wakubwa wake hilo lilitosha.

Mama Chupa alimdharau mtu yule kutoka moyoni. Mto walikochota maji ulijaa majani yaliyooza. Klorini ikikutana na uozo huo, inaua vijidudu, sawa, lakini inazaa sumu nyingine, na sumu hiyo huongezeka kadiri maji yanavyokaa kwenye mabomba. Kila mpima maji analijua hilo. Suti naye, kwa akili zake, aliamuru sampuli zichukuliwe getini tu, hatua thelathini kutoka tangini, ambako maji bado ni mapya. Kila mwaka majibu yalikuwa mazuri, naye akapongezwa, akavimba kichwa.

Mwisho wa bomba, kilomita kumi na nne kutoka hapo, aliishi mama mzazi wa Mama Chupa. Maji yake yalinuka dawa hadi chai haikunyweka. Mafundi walipolifungulia bomba lile kulisafisha, maji yalimwagikia kijitoni nyuma ya nyumba. Visamaki vikaelea matumbo juu, na vyura hawakusikika tena. Miaka mitatu Mama Chupa aliomba kule nako kupimwe.

"Wewe kinga maji," Suti alimjibu. "Mengine tuachie wenye elimu."

Elimu yenyewe ilionekana siku walipokuja wageni wa wizara. Suti alitaka apigwe picha akichukua sampuli kwa mkono wake. Akainua chupa, akaona unga mweupe chini. Unga ule huwekwa na maabara kuzima klorini, ili sumu isiendelee kuzaliana njiani.

"Mama Chupa! Chupa chafu mbele ya wageni?"

"Mkuu, huo ni—"

"Nyamaza!"

Akaisuuza mara mbili, akaichekea kamera, akajaza, akatia saini. Mama Chupa akanyamaza kama alivyoamriwa, na kwa mara ya kwanza alifurahi kumtii.

Njiani kwenda maabara, chupa ilikaa siku mbili kwenye gari lenye joto. Majibu yakarudi: sumu mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Maabara ikadai sampuli nyingine ndani ya wiki.

Suti alimjia mbio, jasho likimtiririka. "Andika barua. Sema chupa ilikuwa na kasoro."

"Nitaandika, mkuu, lakini ukweli mtupu. Kwamba ulimwaga dawa ya maabara kwa kudhani ni uchafu. Na kwamba maji yaliyolala siku mbili ndiyo anayokunywa mama yangu kila siku. Au tuache barua, sampuli ya pili nikaichukue mwisho wa bomba."

Suti akajifuta shingo. Hakumfikiria bibi kizee yule, wala samaki, wala kijito. Alifikiria jinsi wale wageni wangemcheka.

"Barua usiandike," alisema kwa sauti ndogo. "Kapime huko kwenu."