Cheti cha Moshi na Eda ya Dada Yangu

Tangu nizaliwe hapa Kasongo nimevuta moshi wa makaa, wa mashamba yanayochomwa kiangazi na wa mashine za kukoboa mpunga, na hakuna aliyewahi kuniomba cheti. Lakini dada yangu alipotaka kuuza pikipiki ya marehemu mumewe, tuliambiwa haiuziki bila karatasi ya kontroli inayosema haitoi moshi mbaya.

Mnunuzi alitoka Kabambare, mkulima wa karanga, mtu mwenye haraka zake.

"Bila ile karatasi, ku bariyeri ya kwanza wananinyanganya piki," alisema.

Mvua zilikuwa karibu, na njia ile ikishalowa haipitiki. Asingengoja. Tena mashemeji wa dada walikwisha kuanza kuizunguka ile pikipiki, kila mmoja akidai marehemu alimwahidi yeye. Ikiuzwa, dada angepata mtaji wa kuuza mchele sokoni. Ikichelewa, ingeondoka bure.

Shida ni kwamba alikuwa ndani ya eda. Alikaa nyumbani kwa mama mkwe wake, alikoishi na mumewe, amevaa nguo nyeupe, na alitaka jambo moja tu: kumkalia mumewe eda mpaka mwisho, pale pale, bila mtu kupata la kusema. Walipendana wale wawili hadi nikawaonea wivu.

Nikaenda peke yangu kwenye ofisi ya kontroli. Ajenti, mgeni aliyeletwa kutoka mbali, hata hakuinua macho.

"Mwenye piki akuje mwenyewe, atie sahihi mbele yangu."

"Alikufa, shefu."

"Basi muke wake akuje."

"Muke iko mu eda. Hatoki."

"Ile ni mambo yenu ya ku muskiti. Mimi niko na kazi ya Leta, ya serikali."

Mkono uliniwasha, lakini ofisini mkono hauna kazi. Nikarudi na hila yangu: mdogo wetu wa kike avae zile nguo nyeupe, ajifunike, asimame badala ya mjane. Mgeni angejuaje? Mdogo wetu aliruka kama amekanyaga kaa la moto.

"Bwana yangu iko muzima! Unataka nimuvalie eda, afe kesho?"

Alikuwa na haki. Kwetu nguo zile hazivaliwi kwa mchezo.

Tukamwuliza shehe. Akasema kwa dharura mjane anaweza kutoka mchana, mradi arudi kabla jua halijazama. Dada alilia, kisha akajifunika, tukaenda tukiisukuma pikipiki. Mama mkwe alitutazama tu, akiendelea kupepeta mchele wake.

Ofisini hapakuwa na mashine ya kupima chochote. Ajenti aliiwasha pikipiki, akaweka kitambaa cheupe kwenye bomba la moshi, akaingurumisha. Dada hakuwa ameusikia mlio ule tangu homa imchukue mumewe. Akanishika mkono.

"Amefika," alisema taratibu, kama alivyozoea kusema kila magharibi akienda kumtekea maji ya kuoga.

Niliumia, sikujua nitazame wapi. Kitambaa kilitoka cheusi tii. Ajenti akakitupa, akaandika kwamba moshi ni mzuri, akamnyooshea dada kalamu.

Tulirudi jua lingali juu. Mkeka wa dada na kikapu chake cha nguo vilikuwa nje, vimeegemezwa ukutani. Mama mkwe alisimama mlangoni.

"Shehe ametoa ruhusa, mama," nilisema.

"Shehe hakumuzaa. Mutoto yangu hana tena mujane."

Nilipandisha sauti, nikamwambia maneno ambayo hayasemwi kwa mama wa watu. Mlango ukafungwa. Dada aliokota mkeka, akaukunja, akanigeukia.

"Kaka, siku zenye zimebaki, nitazikaa wapi?"