Chumba cha Ihumwa Kwenye Yatokanayo

Mimi ni mtu wa kumaliza mambo. Sahani ikitumika ioshwe, barua ikijibiwa jalada lifungwe, na mgeni akisema anaondoka basi aondoke. Tabia hii nimeirithi kwa mama yangu, aliyekuwa akiuza mahindi Kibaigwa na hakuwa na muda na dalali wa kuzungukazunguka. Imenifaa sana maishani. Ila mara moja ilikaribia kuua kitu ambacho mzee mmoja alikipenda kuliko nyumba yake, na mzee huyo nilimpenda.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, serikali ilikuwa inahamia Dodoma. Kwa kuwa wakubwa wenyewe hawakuwa na haraka ya kuhama, zilitangulizwa kamati. Yetu ilikuwa ndogo: kuishauri serikali juu ya utafiti wa elektroniki, hasa wa semikondakta, yaani vitu kama silikoni, vinavyopitisha umeme kwa masharti, ambavyo ndivyo vinavyotengenezewa transista, chipu na paneli za jua. Tuliagizwa tuandike mkakati wa taifa. Watu walicheka. Siku nilipopangiwa ukatibu wa kamati hiyo, nikiwa nimetoka chuoni juzi tu, nilicheka na mimi, kwa sababu hata taa ya ofisini kwetu ilikuwa inawaka inapojisikia.

Wajumbe walikuwa watano. Wawili waliishi Dar es Salaam, na tuliwajua zaidi kwa barua zao za udhuru. Waliofika ni watatu. Mwenyekiti alikuwa profesa mstaafu wa fizikia, Mgogo mrefu mwenye koti moja la kijivu. Wa pili alikuwa Mama Mchumi, aliyetoka upande wa mipango, mwanamke mkali mwenye akili nyingi na subira kidogo. Wa tatu tulimwita Fundi. Mababu zake walifika Dodoma na misafara wakafungua maduka. Yeye akafungua redio, na hakuwa na redio aliyoshindwa kuifunga tena.

Na kulikuwa na chumba. Kilikuwa Ihumwa, karibu na reli, stoo ya zamani ambayo Mwenyekiti aliiomba akaweka tanuri la umeme, hadubini na meza ya vipimo. Adui mkubwa wa silikoni ni vumbi, na sisi tulikuwa Dodoma. Basi kilikuwa na sheria zake. Viatu vilibaki nje, miguu ikaoshwa kwenye karai, ukavaa soksi safi ndipo ukaingia. Fagio lilikuwa haramu. Ilikuwa ni dekio tu, mara tatu kwa siku, na madirishani zilitundikwa kanga zilizoloweshwa maji ili zinase vumbi la treni. Fundi alisema pale panamkumbusha msikiti, isipokuwa imamu wake hapumziki. Siku ya kwanza nilipofika nilimkuta Mwenyekiti amepiga magoti, mikono ya koti ameikunja, anakamua dekio. Profesa mzima! Akaniangalia miguu kabla ya uso.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Hivyo viatu, nje."

Hoja yake ilikuwa nyepesi, na aliirudia kila kikao. Hakutaka kiwanda cha chipu, alijua hatukiwezi. Alitaka nchi iwe na chumba kimoja cha kupimia, na vijana wanaojua kupima. Mipaka ilikuwa imefunguliwa, kila aina ya bidhaa ikawa inaingia, na nani angejua iliyo nzima na iliyo mbovu? "Asiyejua kupima," alisema, "atauziwa hata mawe, tena atashukuru."

Mama Mchumi hakukubali. "Mzee, mimi nakuheshimu. Lakini tushindane na Japani kwa karai na dekio? Soko litaamua lenyewe."

"Soko likiamua vibaya, mama, atakayekwenda kulipima ni nani?"

Hapo chai ililetwa, kwa bahati nzuri.

Sasa nieleze mbinu yake, maana bila hiyo kosa langu halieleweki. Kikao chochote cha serikali kina mpangilio wake: kufungua, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, halafu yatokanayo, yaani yale yaliyoachwa viporo. Jambo likiwa bado kwenye yatokanayo, hakuna mkubwa wa kuligusa, kwa sababu kamati bado inalifikiria. Mwenyekiti aliijua kanuni hiyo kuliko alivyojua fizikia. Kwa miaka alikiweka chumba chake humo. Ajenda ilisomwa, yeye alisema, "Linaendelea kushughulikiwa," katibu akaandika hivyo hivyo, tukasonga mbele. Chumba kiliishi kwa maneno hayo mawili.

Hakuna aliyenieleza. Na mimi, mtu wa kumaliza mambo, maneno yale yalinikera kama jiwe kwenye mchele. Katika kikao changu cha tatu nilisoma ajenda: "Chumba cha vipimo, Ihumwa." Kimya. Mwenyekiti alikuwa anapuliza chai yake. Fundi alikuwa anatafuna karanga. Mama Mchumi alikuwa anasoma makabrasha ya kikao kingine. Nikahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nikaandika: "Wajumbe hawakuwa na hoja. Suala lilifungwa." Nilijisikia raha, kweli. Waswahili walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi methali hiyo niliijibu kwenye mtihani nikapata vema.

Mchana ule ule nikachapa muhtasari kwa karatasi ya kaboni, na nakala nikaituma wizarani kabla haujathibitishwa. Nilitaka nisifiwe kwa wepesi. Nilisifiwa. Baada ya wiki tatu barua ilirudi: kwa kuwa kamati imelifunga suala la chumba, vifaa vyake vitaingizwa kwenye orodha ya mali zisizohitajika na kupigwa mnada.

Niliipeleka Ihumwa mwenyewe. Nilivua viatu, nikanawa, nikasimama mlangoni na soksi zangu. Mwenyekiti aliisoma mara mbili. Nilitegemea anigombeze, na nilitamani anigombeze. Akaikunja barua akaitia mfukoni.

"Muhtasari haujathibitishwa," alisema. "Kikao kinaweza kuusahihisha. Lakini tuwe na akidi, watatu, kabla ya mnada wa Jumatano. Fundi yuko wapi?"

Fundi alikuwa Mvumi. Nilidandia lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu, nikafika hospitali ya misheni nikiwa mwekundu kwa vumbi kama tofali. Nikamkuta amelala chali nyuma ya friji la chanjo, lile la umeme wa jua, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaisalimia miguu. Nikaieleza miguu kosa langu lote, na nadhani ndiyo maana niliweza kulieleza bila kulia.

Miguu ikasogea. Kisha Fundi akatoka, akajifuta.

"Uliandika 'lilifungwa'?"

"Ndiyo, baba."

"Lo! Mwanangu, umeweza kumaliza kwa mwezi mmoja kile tulichokikawiza miaka minne."

Akafungua kiganja. Kulikuwa na transista mbili, maandishi ni yale yale. Moja ilikuwa ya zamani, imeungua baada ya kazi ya miaka. Ya pili alikuwa ameinunua mpya kwa wafanyabiashara walioleta mzigo mjini, akaifunga asubuhi, ikaungua kabla ya adhuhuri. Alikuwa anazo nyingine sita za mzigo ule. "Hizi nitazipitisha Ihumwa kwenye meza ya Profesa kwanza. Chanjo za watoto wa watu siwezi kuziweka kwenye bahati nasibu."

Tulikwenda Ihumwa pamoja Jumanne. Lori la serikali lilikuwa limetutangulia. Mtu wa bohari, ambaye hakuwa na kosa, alikuwa na karatasi yake, na karatasi ilisema aanze na vizito. Tanuri lilikuwa limeshapakiwa. Lilipita mbele yetu likiwa limefungwa kamba kama ng'ombe wa mnadani, na mlango wa chumba ulikuwa wazi, na sakafuni kulikuwa na nyayo za viatu. Mwenyekiti alisimama anaziangalia nyayo zile. Halafu akavua viatu vyake, akachukua dekio.

Nililia pale, sina sababu ya kuficha. Alichoniambia ni kwamba maji ya ndoo yamechafuka, nikabadilishe.

Wakati napiga deki, wao wawili walipima zile transista sita. Nne hazikuwa kile kilichoandikwa juu yake.

Kikao kilikaa kesho yake asubuhi na mapema, kabla ya mnada. Akidi ilitimia. Fundi hakuhutubia, aliziweka transista nne mbele ya Mama Mchumi, na karatasi ya vipimo pembeni, akaeleza habari ya friji kwa sentensi chache. Mama Mchumi aliisoma ile karatasi taratibu, namba kwa namba, kama alivyosoma kila kitu. "Soko hili," alisema mwishowe, "lina mambo." Akaunga mkono masahihisho. Ila, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akataka muhtasari ueleze kosa lilitokana na nani.

Nikashika kalamu niandike jina langu. Mwenyekiti akainua mkono.

"Andika, katibu. Mwenyekiti alipaswa kusema neno, hakulisema. Alikuwa anakunywa chai."

"Mzee, sivyo ilivyokuwa," nilisema.

"Ndivyo ilivyokuwa. Chai ilikuwa ya moto. Andika."

Niliandika. Meza na hadubini viliokoka, tanuri halikurudi. Mkakati tulioutoa baadaye ulikuwa na kurasa nyingi ambazo sidhani kama zilisomwa, lakini ulikuwa na aya moja ya kupima bidhaa za elektroniki kabla hazijafika zahanati, na aya hiyo aliiandika Mama Mchumi kwa mkono wake. Mwenyekiti hakulitaja tena lile tanuri, hata kwa utani, na alikuwa mtu wa utani. Mahali lilipokuwa aliweka benchi, na kwenye benchi hilo alinifundisha kupima transista, mimi niliyesomea utawala.

Alifariki mwaka wa tatu baada ya hapo, msimu wa zabibu. Tulimzika upande wa Mvumi, na Fundi alisimama kaburini akiwa amevua viatu. Watu walidhani ni uzee. Kikao kilichofuata kiliongozwa na Mama Mchumi. Tulisimama dakika moja, tukakaa, muhtasari ukathibitishwa. Nikafika kwenye yatokanayo nikasoma: "Chumba cha vipimo, Ihumwa."

Kimya. Fundi alikuwa anaangalia dirishani. Mama Mchumi alikuwa ameinamia karatasi zake, na hazikuwa za kikao kingine. Kiti kilichokuwa na koti la kijivu kilikuwa kitupu, na kikombe kilikuwa kimewekwa mbele yake kwa mazoea. Sikuhesabu. Niliandika, "Linaendelea kushughulikiwa," nikageuza ukurasa.