Wali Uliotolewa Nyama

Mfereji wa mabomba ya maji ulipita mbele ya mlango wetu hapa Darsait, nchi ya Waarabu tulikohamia kutoka Unguja, ukakunja kona na kuufuata ukuta wa hekalu la zamani la Mabanyani. Waliouchimba walikuwa wakulima kutoka vijiji vya Bara Hindi, na ukulima ulikuwa bado haujawatoka mwilini. Hata kwenye mwamba huu wetu usioota kitu, waliokota mawe na kuyapanga kando, na udongo laini wakautenga peke yake. Msimamizi aliwapigia kelele waache mapambo, wachimbe.

Mmoja wao alikuwa mzee, mvi mpaka kwenye nyusi. Kila asubuhi, kabla hajashika sururu, alivua ndara, akagusa kizingiti cha hekalu, kisha akajigusa kipaji cha uso. Mama akitaka kutoka nyumbani, yeye ndiye aliyemwekea ubao juu ya mfereji na kuukanyaga ncha usicheze, mpaka mama afike ng'ambo. Hakutumwa na mtu. Na mtu akimfanyia mama wema, lazima ale chakula chake. Hilo kwetu halina mjadala.

"Yule Banyani, mama. Hali nyama," nilimwonya.

"Weye ndo wa kunifunza mie Mabanyani? Unguja tumekaa nao ukuta kwa ukuta. Nnajua hali nyama. Nnamtolea."

Na kweli alimtolea. Pilau ikishaiva, alikaa kitako na bakuli, akachambua vinofu vyote, hata vile vya kushikwa kwa kucha, ukabaki wali mtupu, umekolea supu ya mbuzi, unanukia mtaa mzima. Siku ya samaki alitoa minofu na miba, akapeleka mchuzi. Kwa mama, nyama ni kile unachotafuna. Na mimi, pamoja na kusoma kwangu kote, sikuona kasoro.

Mzee alilipokea bakuli kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Likarudi limeoshwa, linang'aa. "Umeona?" mama akanitambia. "Hajabakisha hata punje."

Ikaenda hivyo wiki kadhaa, mpaka dada wa Kiganda anayetusaidia kazi za nyumbani, ambaye ndiye aliyekuwa akipeleka bakuli, alipochoka kunyamaza.

"Mama, unisamehe. Huyo mzee hakuli. Anapatia mwenzake ule Muislamu, yeye anakula mkate na kitunguu. Nimeuliza, wakasema wali imepikwa na nyama."

"Mbona hakusema?"

"Anaona haya, Mama."

Mama aliweka mwiko chini. Sijapata kumwona amefedheheka vile ndani ya jiko lake mwenyewe. "Muda wote huu anapasua mwamba na njaa, na mie nnajisifu!" Nilitaka kumtania ili acheke, nikashindwa. Uchungu wake ulinipata na mimi.

Jioni ile alinituma Matrah nikanunue sufuria mpya, isiyowahi kuona nyama. Kulipokucha akapika mbaazi za nazi. Nazi aliikuna mwenyewe, ya kopo hakutaka hata kuisikia. Na safari hii alisema atapeleka kwa mkono wake.

Tulipofungua mlango, mfereji ulikuwa umeshafukiwa. Basi la wafanyakazi lilikuwa linanguruma penye kona ya hekalu, watu wanapakia sururu na mabeleshi. Walikuwa wanahamishiwa kazi nyingine, huko mbele ya Sib. Mama alikwenda mbio, magoti yake mabovu na yote, mpaka mzee akamwona na kushuka garini.

"Hamna nyama," mama alimwambia kwa Kiswahili, akijua fika kwamba mzee hakijui. Alifunua kifuniko. "Sufuria mpya. Wallahi."

Mzee alitazama, akanusa, uso ukamfunguka wote. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, leo atakula. Lakini aligeuka akamwangalia yule mwenzake Muislamu, na huyo, kwa aibu, akatufasiria kwa Kiarabu chake cha kazini.

"Mama, leo huyu saim."

Amefunga. Ilikuwa siku yao ya funga, wanayoihesabu kwa mwandamo wa mwezi, na mzee hangegusa nafaka wala mbaazi mpaka kesho asubuhi. Mama amefunga tangu utotoni, funga anaijua. Alifunika sufuria. Mzee hakuirudisha. Aliipakata, akaonyesha kwa mkono: kesho, nitakula kesho. Mama akaitikia kwa kichwa huku anacheka. "Inshallah, kesho."

Basi likaondoka. Ilikuwa saa nne tu na jua limeshakuwa kali. Mama alibaki akiliangalia mpaka likapotea, na kicheko kikamtoka usoni.

"Mbaazi za nazi hazilali, mwanangu. Kwa joto hili hata laasiri hazifiki." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kesho atazikuta zimechacha. Na mara hii, kwa kuniheshimu mie, atakula."