Pipi za Kikohozi za Binti Yangu Kinyozi

Binti yangu ni kinyozi, tena kinyozi haswa. Ana kiti kimoja, kioo chenye ufa pembeni, na wateja wanaume ambao wakikaa mbele yake hunyamaza kama watoto wa darasa la kwanza. Wembe ukiwa kooni, ubishi utautoa wapi? Wanamwita Mkono Mwepesi.

Mimi hufagia nywele na kukunja taulo, lakini kazi yangu hasa ni kumwangalia. Ana mimba ya miezi minne. Tunaojua ni mumewe, mimi na nesi wa kliniki, basi. Mbili za kwanza zilitoka watu wakiwa wameshampongeza, na kupokea pole mlango kwa mlango kulimchosha kuliko maumivu yenyewe.

Wiki ile mafua yakamshika. Akanunua pipi za kikohozi, zile kali zinazopoza koo, akawa anamumunya moja baada ya nyingine. Nikahesabu karatasi kwenye ndoo ya taka: tisa, na adhuhuri haijafika.

"Mwanangu, hizo ni dawa au karanga?"

"Mama, nikikohoa sikio la mtu linaondoka."

Alipogeuka kusafisha mashine, pakiti ikaingia kwenye sidiria yangu. Nilidhani nimemwokoa mjukuu. Muda si muda mwalimu mstaafu akaja kukaa kitini, kikohozi kikampanda binti yangu, mashine ikaruka, na kichwa cha mwalimu kikapata njia nyeupe kutoka sikioni hadi utosini.

"Nilisema upunguze pembeni," mwalimu akasema, akijitazama kwenye kioo. "Sikusema unipitishie barabara."

Ikabidi anyolewe kipara. Binti yangu akaninyooshea kiganja. "Mama, toa." Nikatoa. Alishika pipi moja, akasita, akaninong'oneza: "Kwani kweli zina ubaya?" Kumbe na yeye alikuwa anaogopa.

Nikabeba pakiti hadi duka la dawa, roho mkononi.

"Mjamzito anaruhusiwa hizi?" nikamwuliza muuza dawa kwa sauti ya chini.

"Mjamzito nani, mama?"

Nyuma yangu alisimama muuza mkaa wa mtaani kwetu, ameacha hata kupenga kamasi ili asikie vizuri. Anajua nina mtoto mmoja tu.

"Mimi," nikasema.

Muuza dawa akatazama mvi zangu, kisha tumbo langu, ambalo kwa bahati lina ukubwa wake wa miaka mingi. "Miezi mingapi?"

"Minne."

Muuza mkaa akashika kaunta asianguke.

Muuza dawa, dada wa watu, hakucheka. Alisoma pakiti neno kwa neno, akasema pipi hizi chache koo likiwasha kwa kawaida hazina neno, ila siyo pakiti nzima kwa siku. Nisukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Nikipata homa, nikibanwa kifua, au kikohozi kikipita wiki, nisikae nyumbani. "Na kwa umri wako, mama, kliniki nenda kesho, hata bila kikohozi."

Nilipitia kununua chumvi, na hapo ndipo habari zikanitangulia. Kufika kwa binti yangu, mwalimu alikuwa bado anajipapasa kipara; akainuka haraka kunipisha kwenye benchi. "Kaa, mama, usisimame sana." Nyuma yake binti yangu alikuwa amejifunika taulo usoni, mabega yanatikisika. Alicheka mpaka akakohoa, akala pipi moja tu, akaniachia pakiti nimtunzie.

Kesho yake nilimpeleka kliniki mwenyewe. Nesi akatusikilizisha mapigo ya mtoto, yanakwenda mbio. Nilimwomba arudie mara tatu.

Mtaani naletewa machungwa, nabebewa ndoo za maji, na tumbo la binti yangu hakuna anayelitazama. Shida ni mume wangu. Jana alipewa mikono ya pongezi kazini kwake, akarudi nyumbani akaketi kitandani na viatu vyake, kisha akaniuliza kama kuna jambo nataka kumwambia. Nimemwambia avumilie mwezi mmoja, tumbo lenye mimba litajisema lenyewe.